Taa ya Tatu Juu ya Friji

Bonde la Beech, Kentucky
9 Januari 2012

Mpwa wangu Darlene,

Kaunti hii ina mkuu mmoja tu wa mawasiliano, naye ndiye anayekuandikia. Yule wa mjini mwenye tai na mshahara ni wa kupigwa picha. Mtu akigonga kulungu kwenye njia ya mgodini, mimi najua kabla kulungu mwenyewe hajajua. Mwaka ule helikopta ya wagonjwa ilipopotea kwenye ukungu, niliiongoza kutoka hapa jikoni, na rubani akafungua dirisha akanipungia mkono. Muulize mtu yeyote. Wengi wamekufa, lakini uliza.

Sasa sikia balaa. Wamebandika karatasi posta: kuanzia tarehe mosi Machi redio za kaunti zinaacha analogi, zinahamia dijitali. Polisi, zimamoto, ambulensi, wote wanahama kama familia moja. Skana yangu, redio ya kunasa mazungumzo yao, ile iliyokaa juu ya friji tangu wewe ukiwa darasa la tatu, yenye taa nyekundu nane usoni, itabaki na faida ya kopo la biskuti. Unaikumbuka? Taa zinakimbia moja hadi nane, moja hadi nane, mtu akiongea taa yake inasimama. Taa ya tatu ni Zimamoto ya Beech Juu. Ya tatu ikisimama na kung'ang'ania hapo, mimi nimeshavaa buti.

Na unajua kwa nini naandika kwa haraka hivi. Mama yako yuko pale kwenye kona ya kijito. Mvua ikipiga kule juu, huku chini jua linaweza kuwa linawaka tu, na maji yakishapita daraja la juu yana dakika ishirini na tano kumfikia. King'ora chao hakifiki kwetu. Simu za mkononi katika bonde hili ni za kuangalizia saa. Kinachomtoa mama yako mle ndani ni mimi: redio ikisema, napiga honi ya gari mara tatu, naye anabeba mtungi wake wa oksijeni anapanda ngazi za kanisa. Februari mwaka jana nilimtoa maji yakiwa bado yanavaa viatu.

Kila siku akitoka barazani kwake ananipazia sauti toka ng'ambo, nami nampungia: "Na wewe pia, dada!" Hivyo ndivyo tunavyoishi.

Wewe uko Dayton kwenye maduka. Nichagulie skana ya dijitali. Ila andika, usipige simu. Simu yangu lazima ikae wazi kwa dharura. Ukubwa una mateso yake.

Mjomba wako,
Hobert Slone (Mkuu)


Dayton, Ohio
17 Januari 2012

Mjomba Hobert,

Shikamoo. Barua nimeipata na usingizi umenipaa. Jumapili nilipiga simu hata kama ulinikataza. Nikasema, "Mjomba, mama anakohoa sana wiki hii?" Ukajibu, "Vizuri sana, Mungu akubariki," ukakata. Vizuri nini?

Nimemuuliza Bwana Petrosky, fundi wa redio za mabasi ya shule hapa karakana kwetu. Ni mtu wa maneno machache lakini akianza redio hamalizi. Anasema huko mnakohamia watu hawana tena masafa yao wenyewe. Kuna kompyuta inawagawia nafasi, sekunde hii hapa, sekunde ijayo kule. Ndiyo maana hiyo ya zamani haitaambulia kitu. Anataka tujue mambo mawili kabla sijanunua. Kwanza, dijitali yao ni ya awamu ya kwanza au ya pili? Tukikosea hapo utakaa na redio nzuri iliyo bubu. Pili, wameacha wazi au wamefunga kwa siri? Wakifunga, hakuna skana duniani itakayokusaidia.

Nenda kituo cha zimamoto ukaulize, tafadhali. Mama nimemwambia mara mia ahamie kwangu. Ananijibu neno lilelile: "Kaka yangu ana redio."

Wako,
Darlene


Bonde la Beech
24 Januari 2012

Mpwa wangu,

Nimekwenda. Vijana waliposikia gari langu walisimama kama jeshi. Ledford, ambaye sasa eti ndiye kiongozi wao na mimi nilimfundisha kufunga kamba za buti, akanipa kiti chake mwenyewe. Nikampa kalamu nikamwambia, "Andika mwanangu, usiseme. Mambo ya serikali hayasemwi kwa mdomo." Karatasi yake hii hapa ndani. Awamu ya pili, anasema. Polisi wamefungwa, zimamoto na ambulensi ziko wazi.

Kuhusu simu, nilikuwa na kazi kubwa mkononi. Mama yako hakohoi. Au anakohoa kidogo. Mtu wa miaka sabini na moja aliyekaa na jiko la makaa maisha yake yote afanyeje, aimbe?

Fanya haraka. Zimebaki wiki tano.

Hobert Slone


Dayton
13 Februari 2012

Mjomba,

Kifurushi kimetoka leo. Nimeshinda dukani Jumamosi nzima. Zilikuwepo mbili zinazofanana kama mapacha, na kijana muuzaji akanisukumia ile rahisi: "Dijitali ni dijitali tu, mama." Nikamwonyesha karatasi ya Ledford. Akaisoma, akakuna shingo, akaenda nyuma kuuliza. Ile rahisi ni ya awamu ya kwanza. Mjomba, nusura nikutumie ukimya ndani ya boksi.

Hii niliyokuchukulia unaingiza namba yako ya posta tu, inajipanga yenyewe. Iweke karibu na dirisha. Karatasi ya Ledford inasema kila Jumatano saa sita mchana kituo cha dharura kitasoma vipimo vya vijito kama majaribio. Ya kwanza ni tarehe saba Machi. Niandikie walichosema, neno kwa neno, nijue inafanya kazi. Hapo ndipo nitakapolala.

Darlene


Bonde la Beech
9 Machi 2012

Mpwa wangu Darlene,

Skana imefika. Burl Gayheart, jirani yangu wa juu, alikuja na mkewe na mkate wa mahindi, tukaifungua kama watu waliopata mtoto. Tarehe mosi asubuhi ile ya zamani ilikata roho mbele ya macho yangu. Taa zilikimbia moja hadi nane, moja hadi nane, haikusimama hata moja. Nilikaa nayo mpaka adhuhuri. Mtu hawezi kuizima hivi hivi.

Sasa hii mpya, binti, nasikitika kusema, wamekuuzia takataka. Wanaongea kama kuku waliofungiwa ndani ya debe. Kwa-kwa-kwa, kimya. Kwa-kwa, kimya. Burl anasema kwake iko sawa, lakini Burl ni mtu wa kuridhika na kila kitu, hata mke wake anapika vile na hasemi. Halafu haina taa! Redio gani haina taa? Kuna kioo kidogo kama stempu, maandishi yanakimbia, kabla sijapata miwani yameshaondoka yamekuja mengine.

Jumatano walisema mambo ya kawaida.

Nitafutie nyingine.

Hobert Slone


Dayton
15 Machi 2012

Mjomba,

"Mambo ya kawaida" ndiyo nini? Nilikuomba neno kwa neno.

Bwana Petrosky anasema usiilaumu bado. Dijitali haina kukwaruza. Analogi ikidhoofika unasikia mvumo lakini maneno unayapata. Hii ikidhoofika inakatika vipande. Huenda ni milima. Nimekutumia antena ya nje na waya wake. Mwombe Burl apande, wewe usipande juu ya bati.

Nimeona kwenye habari mmepata mvua siku tatu. Mama anasema maji yako chini ya jiwe la kufulia. Ni kweli?

Darlene


Bonde la Beech
26 Machi 2012

Darlene,

Nilipanda mwenyewe. Wanaume wa kwetu hawaombi kupandishiwa antena. Imesimama imara, hata ndege wanaiheshimu.

Kuku ni walewale.

Mwambie huyo Petrosky wako akae na mabasi yake. Nimeihamisha jikoni, nimeihamisha sebuleni, nimeipeleka hadi ghalani. Nimeifunika na bakuli. Nimeitukana, nimeiombea. Nakaa mbele yake tangu kunapopambazuka, maharage yanaungua jikoni, nami naikodolea macho. Jana walianza kuongea, wakaongea muda mrefu, nikadhani ndiyo maji. Nikakimbia nikapiga honi tatu. Mama yako akapanda ngazi zote za kanisa na mtungi wake, na mvua ikimnyeshea, akakaa kule juu nusu saa. Kumbe ilikuwa ng'ombe wa mtu barabarani. Aliposhuka midomo ilikuwa ya bluu. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Binti, sijawahi kukuomba kitu. Hata ulipohama sikukuomba ubaki. Sasa nakuomba. Nitafutie inayosema wazi. Iwe kubwa, iwe mbaya, iwe imetumika na shetani mwenyewe, mradi iseme. Mvua za Aprili haziko mbali.

Mjomba wako


Dayton
3 Aprili 2012

Mjomba wangu,

Barua yako nimeisoma kazini nikalazimika kutoka nje. Bwana Petrosky aliniona. Kesho yake akaja na skana yake mwenyewe amebeba kwapani kama mkate, ile anayoitumia nyumbani. Imetengenezwa kwa ajili ya mahali ambapo minara miwili inagongana kwenye mlima. "Mpe mjomba," akasema. "Mimi nina mabasi ya kusikiliza."

Hakuna nzuri kuliko hii, nimeuliza kila mahali. Kwa hiyo tufanye hivi. Jumatano ya tarehe kumi na moja, saa sita kamili mchana, nitakupigia. Usiongee. Pokea, weka mkono wa simu mezani mbele ya spika, uuache hapo. Nitasikiliza mwenyewe kwa masikio yangu, na kama ni kuku nitajua ni kuku.

Kama ni kuku, naacha kazi naja kumbeba mama, apende asipende.

Darlene


Kanisani, Bonde la Beech
14 Aprili 2012

Mwanangu Darlene,

Usishtuke kuona barua imetoka kanisani. Mimi ni mzima. Niko chumba cha chini cha kanisa, wamenipa blanketi, na nyumba za watu zimeleta vyungu vya maharage kama kawaida, maana wote walisikia kwenye skana zao kabla sijafika.

Wote isipokuwa mmoja.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Huku jua zuri, nimeanika mashuka. Niliona kijito kimebadilika rangi kidogo, nikatoka barazani. Hobert alikuwa mlangoni kwake na bakuli mkononi. Nikapaza sauti, "Hobert, maji yakoje huko juu?" kama ninavyomuuliza kila siku ya Mungu. Akatabasamu, akanipungia kijiko. "Na wewe pia, dada!"

Nikasema basi, ni salama. Nikaingia ndani, nikavua viatu, nikalala.

Burl ndiye aliyepita kwa Hobert kuazima msumeno. Anasema alisikia toka uani, redio inapiga kelele: Beech Juu, daraja limefunikwa, watu wa kona watoke. Inasema na kurudia. Na Hobert amekaa mbele yake anachovya mkate kwenye maharage. Burl hakuuliza. Alikimbia. Alinibeba mgongoni maji yakiwa magotini kwake, mtungi umening'inia shingoni mwangu. Kufika ngazi ya nne nikageuka, nikaona mashuka yangu yanaondoka na kamba yake. Matope yamefika dirishani. Picha ya baba yako hatukuiokoa.

Hobert hajatoka nje tangu siku hiyo. Watu wanasema alikuwa amelewa. Wengine wanasema ana kisa na mimi, kwa ajili ya ile ardhi ya mama. Mimi sijui. Nimemlea yule mtoto, Darlene, nilimbeba nikiwa na miaka kumi. Sijui nimemkosea nini hata anidhihaki siku kama ile.

Usimwandikie kwa hasira.

Mama


Dayton
18 Aprili 2012

Mjomba Hobert,

Mama kanikataza hasira, kwa hiyo nitaandika polepole.

Jumatano nilipiga. Ulipokea, ukaweka simu mezani kama nilivyokuomba. Nikasikia kila kitu. Nikasikia saa yako ya ukutani. Nikasikia mwanamke anasema, "Kijito cha Beech, daraja la juu, futi mbili na inchi nne, hali ya kawaida." Nikasikia anapumua kabla ya kusema kijito kinachofuata. Hakuna kuku. Ilikuwa wazi kama mtu aliyesimama jikoni kwangu. Nililia kwa furaha, mjomba. Nilimkumbatia Bwana Petrosky mbele ya madereva wote.

Kesho yake redio hiyohiyo ilimwita mama yangu kwa jina la kona yake, na wewe ulikuwa unakula.

Sitaki hadithi ya helikopta. Sitaki Ledford. Ulikuwa umelewa? Sema. Kuna ardhi mnagombania? Sema. Jumamosi ya tarehe ishirini na nane nakuja na gari kumchukua mama, na sijui kama nitavuka daraja lako.

Darlene


Bonde la Beech
22 Aprili 2012

Darlene,

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza ilisema waya wa antena ulikatwa na panya. Ya pili ilisema nilikuwa na homa ya digrii mia na tano na malaika mlangoni. Ya tatu ilikuwa nzuri zaidi, ingekutoa machozi. Zote ziko jikoni zinawaka.

Sikulewa. Ardhi ya mama mwachie mama yako yote, na ghala juu yake.

Sisikii.

Si kwamba sisikii kabisa. Kengele ya simu naisikia, honi naisikia, mbwa wa Burl namsikia hata nisipotaka. Sauti zipo. Maneno ndiyo yamenitoka. Yalianza kuondoka msimu wa majani kuanguka mwaka juzi, na miaka ishirini na mbili ya mashine za mgodini ndiyo iliyoyafukuza. Watu wanafungua midomo na linatoka lile kwa-kwa. Wewe pia, ukipiga simu. Ndiyo maana nakujibu "Mungu akubariki." Ni jibu linalokaa karibu popote.

Ile skana ya zamani sikuisikia hata siku moja tangu wakati ule. Nilikuwa naitazama. Taa ya tatu ikisimama kidogo na kuondoka, wanajaribu redio. Ikisimama, ikaondoka, ikarudi, ni ajali. Ikisimama na kukataa kuondoka, na ya tano ya ambulensi inaanza kuidonoa, hayo ni maji. Sijakosea kwa taa zile. Februari mwaka jana nilimtoa mama yako bila kusikia neno moja, na nilijiona mwanamume kuliko wote kaunti nzima, na sikuwa na wa kumwambia. Nilifikiri nitakwenda hivyo hadi nife.

Nawe ukanitafutia nzuri, na ya pili nzuri kuliko ya kwanza, na yule mzee wa watu akatoa ya kwake. Kila iliyokuja nilijua tatizo si yake. Nilisema huenda ipo moja huko dukani yenye sauti itakayopenya. Huenda. Mtu anayezama hachagui cha kushika, lakini mimi nilichagua. Nilichagua kukuambia redio mbovu.

Alhamisi ile ilikuwa inaongea mbele yangu. Niliona kioo kinawaka maandishi. Tangu asubuhi kilikuwa kinawaka, mafundi wa barabara, sijui nani, nikachoka kuvaa na kuvua miwani. Nikasema ngoja nile kwanza. Burl alipotokea uani akageuka kukimbia, nilidhani amegombana na nyuki.

Nimemrudishia Bwana Petrosky skana yake kwa posta. Mwambie ni redio safi. Muulize kama kuna inayowasha taa kubwa, hata moja tu, kwa zimamoto peke yake. Na muulize kwa siri kuhusu vile vidude vya masikioni, kama vipo vya rangi ya ngozi visivyoonekana.

Mchukue mama yako. Usivuke daraja langu kama hutaki, nitakuona toka mlangoni.

Burl nimemwandikia kwenye karatasi, akaisoma, akaondoka bila kusema, au labda alisema. Mama yako bado sijamwambia. Nilikwenda hadi ngazi za kanisa na karatasi yangu, nikarudi. Kuna jambo moja dogo linanizuia nisiweze kumtazama, nami nakuomba unisaidie kabla hamjaondoka. Siku ile, kabla ya maji, alitoka barazani akanipazia sauti toka ng'ambo, kama anavyofanya kila siku. Nami nilimjibu "Na wewe pia," kama ninavyomjibu kila siku. Karibu miaka miwili sasa nilidhani ananitakia mchana mwema. Juzi ndipo nimeanza kuwaza kwamba sijui.

Naona haya kumuuliza. Muulize wewe alikuwa anasema nini, uniandikie.

Hobert